Muulize Shangazi: Mke wangu ana mimba ya miezi saba, nami kila Ijumaa niko ziwani

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, naishi Nyasaka, ni karani wa stoo kwenye kampuni moja hapa Mwanza. Mke wangu ni fundi cherehani, ana kibanda chake Buzuruga. Tunatarajia mtoto wa kwanza, mimba ina miezi saba na ushee.

Tatizo langu ni uvuvi. Sivui kwa biashara. Ni kitu nilichokipenda tangu shule ya msingi, nilipokuwa nikitoroka kwenda kuvua vijisato kwenye mawe ya Bwiru. Sasa mimi na wenzangu wawili tuna mtumbwi wa pamoja, tunaulaza Igombe. Kila Ijumaa nikitoka kazini natia nailoni na ndoano kwenye begi, saa mbili usiku tunaingia majini, tunarudi Jumamosi asubuhi. Tunakaa pembeni ya wavuvi wa dagaa, maana taa zao zikikusanya dagaa, na sangara wanasogea. Mwezi uliopita, Shangazi, nilimtoa sangara wa kilo 11 kwa mkono, nailoni ikanichana vidole viwili. Raha yake siwezi kuieleza. Wiki nzima ya magunia na makaratasi inaniisha mwilini usiku huo mmoja.

Lakini Ijumaa hiyohiyo mke wangu alishikwa na tumbo saa nane usiku. Akanipigia, sipatikani, kule tulikokuwa mtandao unakuja na kuondoka. Jirani akampeleka kituo cha afya kwa bajaji. Wakampima, wakakuta maambukizi ya njia ya mkojo, wakampa dawa, mtoto yuko salama. Mimi nikafika nyumbani saa tatu asubuhi na samaki wangu begani, sina habari. Hakunigombeza. Alisema tu, "Samaki muweke kwenye beseni." Tangu siku hiyo tunaongea vizuri, ila Ijumaa ikifika ananyamaza.

Wenzangu wananicheka, wanasema ukioa umefungwa mguu mmoja, ukizaa wanafunga wa pili. Mama mkwe anakuja kutoka Sengerema mwezi ujao na nina hakika ameshaambiwa. Isitoshe, tulishapanga kununua injini ya mtumba, ya nguvu ya farasi 15, tuachane na makasia. Mchango wangu ni shilingi 900,000 na ninazo. Je, niuze sehemu yangu ya mtumbwi ili niwe baba? Au mwanaume ana haki ya kubaki na kitu chake kimoja? Mbona yeye alikuwa kwenye kwaya, ameacha alipofika mwezi wa tano, wala hajalalamika.

Mvuvi wa Ijumaa, Nyasaka

*

Marahaba, baba.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikinywa chai, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umenipa kilo za sangara, umenipa nguvu ya injini, umenipa na bei. Tarehe ya matarajio hujanipa. Imeandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mkeo. Kabla hujaendelea kusoma, inuka ukaitazame. Mimi nakusubiri.

Umerudi? Haya. Kama kweli ni miezi saba na ushee, mkeo yuko wiki ya 31 au 32. Tarehe uliyoiona huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, na watoto wanaozaliwa siku hiyohiyo ni wachache mno. Akija wiki ya 37 ametimia. Akivuta hadi ya 41 bado hatujashtuka. Kwa hiyo usiishike siku. Shika kwamba kuna mwezi mzima na zaidi ambao uchungu unaweza kuanza usiku wowote, Ijumaa ikiwemo. Na mimi niliyelala wodini miaka mingi kwa kazi ya ukunga nakuambia, uchungu unapenda usiku.

Mtumbwi sitakuambia uuze. Najua wapo watakaonishangaa, na mama mkwe wako huenda ni mmoja wao. Lakini nimewaona wanaume waliopata mtoto wa kwanza wakauza gitaa, wakauza baiskeli ya mashindano, wakagawa viatu vya mpira, huku wakitangaza kwa kila mtu kwamba sasa wao ni baba. Wachache iliwakaa vizuri. Wengine mtoto hajafikisha miezi mitatu, unawakuta grosari hadi saa sita usiku, kwa sababu ndani kuna kilio na nje hawana tena pa kwenda panapowajua. Sipendi uingie kundi hilo. Mtu anayekesha akingoja nailoni ikaze ana subira, na subira hiyo mtoto mchanga ataihitaji sana.

Ila tuelewane: usije ukajificha nyuma ya kitoweo. Ukijumlisha nauli ya kwenda Igombe, chambo, ndoano zilizobaki kwenye mawe, betri za tochi na chakula cha usiku, samaki unayemleta ungempata soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwa bei nafuu, umelala kitandani kwako. Unakwenda kwa sababu unapenda. Mwambie mkeo hivyo hivyo. Anajua tayari, na hesabu za sokoni anazijua kukuzidi.

Sasa ile sentensi ya beseni. Wewe unaiona kama fumbo. Mwanamke aliyetoka kwenye benchi la kituo cha afya alfajiri, amesindikizwa na mtu baki, ameulizwa na muuguzi "mume yuko wapi?" akajibu "ziwani", hana nguvu ya kugomba. Kuna swali lile la pili ambalo wauguzi huwa tunauliza, nalo ni "anapatikana?" Hapo ndipo alipochomwa. Uvuvi wako aliukuta wakati unamuoa, hakuukataa. Kinachomnyamazisha siku ya Ijumaa ni kujua kwamba kuanzia saa mbili usiku hadi saa tatu asubuhi hana mume anayeweza kumwita.

Na hofu yake ina msingi kwenye maji yenyewe. Usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake. Upepo unashuka kutoka kandokando, unakutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu ya radi yanajijenga. Ndiyo maana ngurumo za Ziwa Victoria ni nyingi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, wakati mchana mvua hupendelea kunyesha huku nchi kavu. Saa zako za kuvua ni saa za dhoruba. Mkeo akiwa Nyasaka anasikia upepo ukigonga mabati, anajua ni saa ngapi, anajua na wewe uko wapi. Mama yangu mzazi alikuwa akitoka nje usiku kutazama radi ilikopigia, kisha anarudi ndani na kukaa kwenye kiti badala ya kulala. Watoto tulidhani ni tabia ya watu wazima. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, wewe kwa umri wako ulikuwa kichanga au hata hujazaliwa. Kwetu sisi hakuna mtaa uliokosa matanga. Wanawake wa Mwanza hawahitaji mtu wa kuwafundisha kuogopa maji.

Kwa hiyo fanya hivi.

Kuanzia leo hadi mkeo atakapotimiza wiki ya 36, unaweza kwenda, ila si kila Ijumaa na si usiku kucha. Ingieni majini alasiri, mrudi ufukweni kabla ya saa nne usiku. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Ukisema upepo mkali, unabaki nyumbani bila kujadiliana na wenzio. Jaketi okozi livae mwilini. Naomba tusibishane, nimeona majaketi mengi mazuri yaliyokaliwa kama mito ya kochi. Kaeni pale mtandao unaposhika, hata kama sangara wakubwa wako mbele zaidi. Simu iwe na chaji, iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kisha jambo ambalo wanaume hamlipendi: mwenye namba za wenzio wawili na za mtu mmoja wa pale Igombe awe mkeo.

Ukifika wiki ya 36, mtumbwi basi. Hakuna "nusu saa tu". Utakaa nchi kavu mpaka arobaini ya uzazi iishe. Kiu ikikubana, chukua ndoano yako ndogo mchana wa Jumapili urudi kwenye mawe yako ya Bwiru, uvue vijisato kama zamani, simu mfukoni. Mkeo akitaka mwende wote, mwekee kiti kivulini. Asiingize miguu majini wala kuchota maji ya pembeni, maana kichocho kiko kwenye maji hayo ya kina kifupi yenye konokono, na mtoto akizaliwa usije ukamwogesha ya ziwani eti ni maji ya kwao.

Mtumbwi wenyewe usiuze. Wape wenzio wautumie bila wewe, wakukatie samaki kila wakitoka. Hiyo ndiyo kodi yako. Mkeo akila sato wa moto na dagaa wa kutosha miezi hii miwili, utakuwa umevua bila kulowa.

Hizo Ijumaa zilizorudi nyumbani usizilaze kwenye kochi ukitazama mpira na uso umevimba, ukamfanya mke akulipie kwa kukubembeleza. Una kazi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mjamzito aonwe angalau mara 8, na kwa mkeo yaliyobaki ni ya wiki ya 34, 36, 38 na 40. Kituo chenu kinaweza kuwa na tarehe zake, fuateni hizo. Nenda naye. Omba ruhusa kazini mapema kama unavyoomba kwa msiba. Ukiwa pale usikae nje na bodaboda ukichezea simu, ingia, uliza. Muuguzi atakutajia dalili za hatari, na wewe ndiye unayetakiwa kuzikariri, kwa sababu mwenye mimba zikimpata huenda asiwe katika hali ya kujieleza: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma vikali, macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kuvunjika kabla ya uchungu, mtoto kutulia wakati wake wa kucheza. Moja tu kati ya hizo, hamlali, mnaondoka.

Mnaondoka na nini? Siku ile jirani alipata bajaji kwa bahati. Tafuta dereva wa bajaji au teksi anayelala mtaa wenu, mwenye simu isiyozimwa, mkubaliane bei ya usiku sasa hivi wakati hakuna anayelia. Nauli hiyo itengwe, hata ukiishiwa vocha usiiguse. Namba 115, ya mfumo wa m-mama, ni ya bure na ipo kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Iandike ukutani, juu ya swichi ya taa. Ulizia kundi la damu la mkeo na uwe na ndugu wawili wanaojua kwamba wanaweza kuitwa kuchangia. Begi lipangeni pamoja: kanga au vitenge vya kutosha, mpira wa kujifungulia, glavu, pamba, nguo na kofia ya mtoto, kadi ya kliniki, kadi ya bima kama mnayo, na chupa ya chai. Nimeshapokea mzazi ambaye mume alimfungia begi peke yake. Ndani kulikuwa na tochi, taulo moja na redio. Nilimheshimu kwa kujaribu, lakini mtoto tulimfunika kanga ya kitanda cha jirani.

Sasa injini. Hapana, si sasa. Shilingi 900,000 hizo zibaki zilipo hadi mtoto afikishe miezi mitatu. Hata pale huduma ya kujifungua inapotolewa bure, kuna vitu utaambiwa ununue. Kuna usafiri, kuna chakula cha mzazi. Na kama itabidi apasuliwe, atakaa wodini zaidi na cherehani itasimama kwa muda mrefu. Kibanda cha Buzuruga kikifungwa, pato lenu linapungua kwa kiasi ambacho huenda hujawahi kukikadiria. Kaa naye mkikadirie. Wenzio wakiona huwezi kuchangia, wanunue wao, utaingia baadaye. Injini za mtumba haziishi Mwanza.

Kabla sijasahau, hiyo injini ikija, petroli. Nawajua wavuvi wa mjini: kidumu kinalala ndani kwa kuogopa wezi, tena nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Mjamzito havuti harufu ile, mtoto mchanga ndiyo kabisa, na nyumba yenye jiko la mkaa na petroli chini ya paa moja inaomba moto. Hata leo, kabla ya injini, kuna ndoano. Ziko wapi? Nitabahatisha: zimening'inia kwenye msumari karibu na dirisha, nyingine zimechomekwa kwenye kipande cha sponji juu ya kabati. Mtoto wa miezi minane anatambaa na kila akiokotacho anatia mdomoni. Tafuta kopo lenye mfuniko wa kuzungusha na ufunguo wa sanduku. Kazi hiyo ifanye sasa. Mtoto akishaanza kutambaa utakuwa umechoka mno kukumbuka.

Nimeiacha kwaya hadi hapa kwa makusudi. Umeitaja kwa sentensi moja, mwishoni, kama ushahidi dhidi yake. Ameacha, hajalalamika. Ulimuuliza? Mazoezi ya kwaya ni saa ngapi, anarudi na nani, nani anapika siku hiyo? Mwanamke wa miezi mitano haachi kuimba kwa sababu ya tumbo. Nimezalisha waimbaji waliotoka madhabahuni moja kwa moja hadi leba. Anaacha kwa sababu akitoka kibandani amechoka, na nyumbani kuna kazi ambazo zisipofanywa na yeye hazifanywi. Wewe una usiku mzima kila wiki. Yeye alikuwa na saa zake chache, zimekwisha, nawe ukaona ni jambo la kawaida.

Hapo ndipo penye mzani wako, na ndiyo hoja ninayotaka uibebe hata ukisahau mengine yote. Unajiuliza umpe mtoto kiasi gani na ujibakizie kiasi gani, wakati mtoto huyo bado hajakudai kitu. Anayekudai ni mama yake. Arobaini ikipita na mkunga akaridhika naye, kaeni mpange: Jumamosi moja alasiri ziwani kwako, na mazoezi ya kwaya kwake, mtoto ukiwa naye wewe. Nasema wewe, usimwachie mama mkwe wala msichana wa jirani. Atakuwa ananyonya, kwa hiyo mwanzoni saa zake zitakuwa fupi kuliko zako. Basi nawe fupisha zako zilingane. Siku asipokwenda kwaya kwa sababu wewe umechelewa Igombe, Jumamosi yako inayofuata imekwenda. Andikeni kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye mwezi mpevu na mwezi mchanga ambayo najua wavuvi hamkosi.

Mama mkwe usimwogope. Siku hizi hana kisingizio cha kivuko: tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita hizo tatu za Kigongo hadi Busisi ni dakika chache tu za gari, na anaweza kuja na kurudi wakati anaotaka. Mpokee stendi wewe mwenyewe. Mwoneshe begi, mwoneshe namba ukutani, mtajie wiki za mimba ya binti yake kabla hajakuuliza. Kisha mpikie samaki. Mvuvi anayejua kumpara sato, kumchana mbavuni na kumtia ndimu bila kusaidiwa, kwenye nyumba ya mzazi ana thamani kubwa kuliko injini ya farasi 15. Halafu muulize kuhusu baba mkwe wako na starehe zake enzi hizo. Utashangaa.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi niko Nansio, mimba ya miezi minne. Wenzangu wanalia waume hawakai nyumbani, wa kwangu hatoki. Alikuwa mcheza bao mashuhuri, kila jioni yuko chini ya mti na wazee wake karibu na gati. Tangu nimwambie nina mimba ameacha bao, amekaa ndani, ananihesabia matonge, ananizuia kufagia, kahawa amenipiga marufuku eti mtoto atakuwa mweusi. Akiona nimelala mchana ananiamsha kuuliza kama naumwa. Nitafanyaje? – Mama Kijacho, Ukerewe

Marahaba, mwanangu. Mumeo ameogopa, na hofu yake haina pa kukaa ndiyo maana inakaa kwenye sahani yako. Wiki ijayo mchukue kliniki, umwambie maswali yake yote amuulize muuguzi, siyo wewe. Akitoka hapo mpe kazi tatu za kweli: kuchota maji, kubeba mizigo, kutafuta chombo cha dharura cha kukuvusha kama mtahitaji hospitali kubwa. Mambo ya visiwani unayajua: mkiwa na rufaa usiku, suala la kwanza ni usafiri wa majini, na mtu anayefahamiana na nusu ya gati ndiye hasa wa kulimaliza mapema.

Kisha jioni mfungulie mlango aende akacheze bao. Kwa muda wa saa mbili. Wewe ulale.

Kahawa ipunguze tu, vikombe viwili vidogo kwa siku havina neno. Rangi ya mtoto aitafute kwa babu zake. Kufagia endelea kama hujisikii vibaya. Kuinua ndoo za lita 20 acha.

*

Shangazi, nafanya kazi kwenye kiwanda hapa jijini, mke amejifungua juzi. Msimamizi wangu anasema likizo ya baba haipo, ni ya mama tu. Ni kweli? Na kama ipo, naweza kuitumia wiki ijayo? Timu yetu ya maveterani ina mechi Bukoba, tunaondoka na meli. – Beki wa Kulia, Igogo

Hongera, baba, na mpe mzazi pole yangu. Msimamizi wako amekosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba wa mtoto likizo ya malipo isiyopungua siku 3, nayo lazima ichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ya mama ni siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Mkeo akiwa ameajiriwa, akirudi kazini ana haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku.

Umesema juzi, kwa hiyo siku zinakimbia. Andika barua leo, ambatisha nakala ya tangazo la kuzaliwa ulilopewa wodini, ikabidhi ofisi ya rasilimali watu badala ya msimamizi, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikataa, kuna Afisa Kazi wa mkoa, na malalamiko hayo hupokelewa bila ada. Ukipewa, siku hizo 3 zifuate kwanza kituo cha afya, maana mzazi na mtoto wanatakiwa kuonwa tena ndani ya siku 7, kisha siku ya 28 na ya 42, na kutembea na kidonda cha uzazi huku umebeba mtoto si kazi ya mtu mmoja.

Kuhusu Bukoba: hapana. Wapelekee jezi yako bandarini, wampe mwingine.